Je, wajua kwa nini TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, hawakupandishii kodi kimyakimya?

Tuseme una duka la spea pale Gerezani, Kariakoo. Ulipeleka ritani ya mwaka, yaani fomu ya kutangaza mapato yako, kodi ikatoka shilingi milioni 3, ukalipa, ukasahau. Baada ya miaka miwili maofisa wanapitia taarifa zako za benki na risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti), wanaona hesabu hazishikani. Kwao, ulitakiwa kulipa milioni 12 zaidi. Mbona wasiingize tu tarakimu hiyo kwenye mfumo, kisha waje kukudai?

Kwa sababu ile ritani haikuwa ombi. Kisheria, ritani uliyoijaza mwenyewe ndiyo makadirio yako. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamruhusu Kamishna Mkuu wa TRA kuyarekebisha ndani ya miaka 5, na palipo na udanganyifu hata baada ya hapo, lakini ni lazima akuletee hati. Hati hiyo itaje kiasi, kilivyokokotolewa, sababu za kukikokotoa, tarehe ya kulipa, na namna ya kupeleka pingamizi. Nyuma ya haya yote ipo Katiba, ibara ya 13(6)(a), inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa.

Hati ikifika, macho hukimbilia tarakimu. Mimi ningetazama tarehe kwanza. Una siku 30 za kupinga, na zinahesabiwa tangu ulipofikishiwa hati, wala si tangu ulipopata moyo wa kuisoma. Na hati inaweza kuja kwa njia ya kielektroniki. Sasa ile barua pepe ya biashara aliyokufungulia mpwa wako, ambayo nywila yake anaijua yeye peke yake, hapo ndipo inapoanza kukutokea puani. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila uwe na sababu inayoeleweka: ulikuwa nje ya nchi, uliugua, au jambo zito la namna hiyo.

Kuandika barua ya pingamizi peke yake hakutoshi. Ili lipokelewe, unalipa kwanza ile sehemu ya kodi usiyoibishia, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea ipi ni kubwa. Katika mfano wetu, ukizikataa zote milioni 12, unatanguliza 4. Ukikiri kwamba 5 ni halali, unalipa 5. Kwa duka ambalo mtaji wake wote umelala kwenye maboksi ya breki na shokapu, hizo si hela za kutoa mfukoni. Ndiyo maana sheria inaruhusu kumwandikia Kamishna Mkuu apunguze au asamehe kitangulizi hicho, ukiwa na sababu za msingi.

Pingamizi likishapokelewa, kuna taarifa ya pili ambayo wengi hawaijui. Kamishna akiona hakubaliani nawe, haruki moja kwa moja kwenye uamuzi. Anakuandikia anachokusudia kuamua na kwa nini, nawe una siku 30 za kumjibu. Usiporidhika na uamuzi wake unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, ambayo husikiliza hoja za kisheria tu. Huko mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi ni wako, si wa TRA.

Na wakikaa kimya? Tanzania, miezi 6 ikipita bila uamuzi, makadirio huhesabiwa kuwa yamethibitishwa, nawe unaruhusiwa kukata rufaa. Kenya ni kinyume chake: siku 60 zikipita bila jibu, pingamizi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Kwa hiyo mwenye duka Namanga upande wa Tanzania na jirani yake wa hatua chache ng'ambo ya mpaka wanaweza kupeleka mapingamizi siku moja, wote wasijibiwe, mmoja akawa ameshinda na mwenzake akaanza kutafuta wakili.