Dhana potofu kuhusu somo la ujenzi kwa mwanafunzi wa ubunifu majengo

Katika vyuo vyetu vinavyofundisha ubunifu majengo, studio, yaani somo la kubuni, ndiyo inayowakesha watu. Somo la ujenzi na michoro ya kiufundi husubiri wiki ya mtihani. Hali hiyo inatokana na dhana ambazo wanafunzi hupokezana mwaka hadi mwaka, na ningependa zikome.

Dhana: Buni kwanza, mambo ya ujenzi yatafuata.

Tembea Mji Mkongwe, Zanzibar. Vyumba vya nyumba nyingi za kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa mita mbili na nusu au zaidi kidogo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa ikiwa imebeba mawe ya matumbawe na chokaa. Kwa hiyo umbo la chumba lilianzia msituni, kabla ya mtu kuchora chochote.

Au tazama Soko la Kariakoo, alilolibuni Beda Amuli na likajengwa miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli ya zege iliyopinduliwa. Inatoa kivuli, inaruhusu hewa, na inakusanya maji ya mvua. Huwezi kuonyesha mahali ubunifu ulipoishia na ujenzi ukaanzia.

Ngazi nazo huwaumbua wengi. Kama sakafu hadi sakafu ni mita 3, na kila kidato kina kimo cha sentimita 15, unahitaji kupanda mara 20. Ukiweka sentimita 30 za kukanyagia, ngazi iliyonyooka inakula mita 5.7 hata kabla ya kuweka pa kupumzikia. Mwanafunzi aliyeitengea mita 3 atabomoa ramani yake yote wiki ya mwisho.

Dhana: Zege huwa gumu kwa kukauka.

Hii nakaa nayo zaidi, maana wanaoiamini wako chuoni na saiti pia. Zege huwa gumu kwa sababu saruji inaungana na maji na kutengeneza kitu kipya kinachoshika kokoto na mchanga pamoja. Maji yakitoroka mapema kwa jua na upepo, muungano huo unakatika njiani. Ndiyo maana slabu, yaani sakafu ya zege, hufunikwa na kumwagiwa maji kwa siku 7 au zaidi, na vipande vya majaribio huvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28. Siku ya 7 zege la kawaida huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28.

Kwa upande mwingine, maji yakizidi wakati wa kuchanganya ni hasara vilevile. Kwa mchanganyiko wa kawaida, mfuko wa saruji wa kilo 50 unatosheka na takriban lita 25, ukihesabu na unyevu uliomo kwenye mchanga. Kibarua akiongeza ndoo ili zege liteleze vizuri, maji ya ziada yatakuja kuacha vijitundu, na nguvu inashuka. Kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Dhana: Nondo ni kazi ya mhandisi, mimi hazinihusu.

Kukokotoa ni kazi ya mhandisi, ndiyo. Lakini baraza la ghorofani linaloning'inia umelichora wewe. Slabu iliyoshikwa pande zote mbili huvutika upande wake wa chini, katikati, hivyo nondo kuu zinakaa chini. Baraza lililoshikwa upande mmoja huvutika upande wake wa juu, hivyo nondo kuu zinapaswa kukaa juu. Zikipangwa chini, au wapita na toroli wakizikanyaga hadi zikashuka, baraza litaonekana zima mpaka siku mirunda iliyolishikilia inapotolewa. Mbunifu asiyejua hilo atapita saiti, aone nondo nyingi, aridhike.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jengo jingine Kariakoo. Baada ya hayo, sioni mwanafunzi wa taaluma hii anawezaje kusema nondo hazimhusu.

Dhana: Michoro ya kina inanakiliwa, na programu inaijua.

Programu inachora ulichoiagiza. Ndiyo maana tunaona michoro ya nyumba za Dar es Salaam yenye kuta za tabaka la kuzuia baridi, zilizotoka kwenye maktaba ya nchi za theluji. Chukua paa lililofichwa nyuma ya ukuta, linalopendwa sana sasa. Ukinakili sura yake tu, masika itakudai: gata la ndani lina mteremko kiasi gani? Likiziba, maji yatatokea wapi kabla ya kuingia darini? Kizuia maji kimepandishwa ukutani hadi wapi? Majibu hayo yanachorwa kwa skeli ya 1:5 au 1:10, na ukiyachora kwa mkono wako mwenyewe unagundua mapema pale usipoelewa. Karibu na bahari ongeza swali la chumvi, inayozila nondo zilizofunikwa na zege jembamba.

Dhana: Mafunzo ya vitendo ni kupata mhuri na picha.

Nenda na futi kamba na daftari. Pima lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), pima jamvi (sakafu ya zege ya chini), kisha linganisha na mchoro ulioko ofisini. Muulize fundi kwa heshima kwa nini amebadilisha. Mara nyingi mchoro wetu haukujengeka. Mara nyingine yeye ndiye amekosea, nawe huwezi kumwonyesha kama hujasoma.

Na wanaodhani shahada pekee inawapa haki ya kusaini michoro: Tanzania hakuna njia hiyo. Lazima usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, baada ya kufanya kazi chini ya wenye uzoefu na kufaulu mitihani yake.