Kiungulia sugu ni kipi hasa?

Kiungulia ni ule moto unaopanda kutoka chembe cha moyo kwenda kooni, pale asidi ya tumbo inapovuka mpaka wake na kuingia kwenye umio, yaani mrija wa chakula. Mtaani kinaitwa asidi, gesi, hata vidonda vya tumbo, na majina yote hayo huishia kwenye dirisha moja la duka la dawa: omeprazole, miligramu 20. Mtu akiimeza wiki kadhaa na moto ukabaki palepale, anaambiwa ana kiungulia sugu.

Kitabibu neno hilo lina maana finyu zaidi: kiungulia kinachotokana kweli na kucheua, yaani vilivyomo tumboni kupanda kwenye umio, na kinachoendelea ingawa dawa ya kuzuia asidi inamezwa mara mbili kwa siku kama inavyotakiwa. Kila kipande cha maana hiyo kina kazi. Kikikosekana kimoja, neno "sugu" limetumika vibaya.

Tuanze na "kama inavyotakiwa", kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika mara nyingi. Omeprazole na ndugu zake, kama esomeprazole, lansoprazole na pantoprazole, hufunga pampu za asidi zilizo kwenye ukuta wa tumbo. Hufunga pampu inayofanya kazi tu, na kinachoamsha pampu ni chakula. Dawa yenyewe haikai kwenye damu zaidi ya saa chache. Kwa hiyo inatakiwa imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, ili tonge la kwanza likishuka iwe tayari iko kazini. Anayeimeza usiku akipanda kitandani anaipitisha wakati pampu nyingi zimelala. Anayeimeza siku ya maumivu tu hapati nguvu yake kamili, maana hujijenga kwa siku kadhaa, dozi juu ya dozi. Wengine hufungua kapsuli na kutafuna zile punje. Punje zimefunikwa makusudi ili zivuke tumbo salama hadi utumbo mdogo. Ukizisaga, asidi inaiharibu dawa kabla haijafyonzwa.

Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika katika hospitali za wanajeshi wastaafu nchini Marekani, chini ya daktari Stuart Spechler. Waliandikishwa watu 366, wote wakiwa wamepewa rufaa kwa sababu kiungulia chao hakisikii dawa. Swali lilikuwa kama upasuaji unawafaa kuliko vidonge. Lakini kabla ya kumpangia mtu tiba yoyote, watafiti walimpitisha kwenye chujio, na chujio hilo lina mafunzo kuliko jibu lenyewe.

Kwanza walipewa tena omeprazole ileile iliyosemekana imeshindwa: miligramu 20 mara mbili kwa siku, kwa wiki 2. Watu 42 walipata nafuu. Hao hawakuwa sugu, wakatolewa.

Waliobaki waliingizwa kamera, wakakatwa vinyama vidogo vya umio kwa ajili ya maabara, na wakapimwa misuli ya umio inavyobana na kusukuma. Kisha kikaja kipimo ambacho wagonjwa wengi hawakipendi: mpira mwembamba unapitishwa puani hadi ndani ya umio na kubaki humo kwa saa 24, huku mtu akiendelea na dawa. Kihisio cha asidi kwa kawaida hukaa sentimita 5 juu ya vali inayotenganisha umio na tumbo, na huhesabu muda ambao pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi (namba ikishuka, asidi imezidi), iko chini ya 4. Vihisio vingine kwenye mpira huohuo hutambua kimiminika chochote kinachopanda, hata kama hakina asidi. Mtu anarudi nyumbani na mashine kiunoni, anakula kama kawaida, na kila akisikia moto anabonyeza kitufe. Baadaye daktari analinganisha: dakika kitufe kilipobonyezwa, kulikuwa na kitu kinapanda?

Kwa wengi jibu lilikuwa hapana. Watu 99 hawakuwa na dalili ya kucheua kunakolingana na maumivu yao, wala ugonjwa mwingine wa umio. Hiki madaktari hukiita kiungulia cha hisia: neva za umio zimekuwa kali mno, na mtu anaumia kwelikweli ingawa hakuna kinachomuunguza. Kumwongezea dozi ya omeprazole ni kupoteza hela yake, na kumpasua ni vibaya zaidi. Wengine 23 walikutwa na magonjwa mengine ya umio. Watu 70 hawakumaliza vipimo, na 54 waliondolewa kwa sababu nyinginezo.

Wakabaki 78. Kati ya kila watano waliokuja na jina la "sugu", ni kama mmoja tu aliyefika mwisho wa chujio.

Hao ndio waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifanyiwa upasuaji wa matundu madogo, ambapo sehemu ya juu ya tumbo huzungushwa kwenye mwisho wa umio kama shuka, ili kuibana ile vali. La pili liliendelea na omeprazole pamoja na baclofen, ambayo hupunguza kulegea kwa vali, na desipramine ya kutuliza neva kwa waliohitaji. La tatu lilipewa omeprazole na plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa. (Plasebo si "dawa bandia" tunayosikia imekamatwa madukani, hapa mshiriki ameelezwa tangu mwanzo kwamba huenda akaipata, na amekubali.) Kufaulu kulikuwa kumeshafafanuliwa: alama za dalili zishuke kwa nusu au zaidi baada ya mwaka mmoja. Waliofaulu ni 18 kati ya 27 waliopasuliwa, 7 kati ya 25 wa kundi la pili, na 3 kati ya 26 wa kundi la tatu.

Hao 18 kati ya 27 ni 67%, lakini ukiisoma usikimbilie kisu. Aliyepasuliwa anajua amepasuliwa, na matumaini peke yake huweza kushusha alama. Makundi yalikuwa madogo, na wengi wa walioandikishwa, 280, walikuwa wanaume. Zaidi ya yote, asilimia hiyo ni ya waliopita chujio. Mtu ambaye hajapimwa hajui kama angekuwa miongoni mwa hao 78 au wale 99.

Kwa anayejiona sugu, mpangilio wa jaribio unaweza kufuatwa hata kliniki ya kawaida: kwanza sahihisha saa ya kumeza, kisha kamera, kisha kipimo cha saa 24 kinapopatikana. Ila chakula kikianza kukwama kifuani, uzito ukipungua bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, hakuna kusubiri wiki 2 za vidonge. Saratani ya umio ni ya kawaida mno Afrika Mashariki, na kamera ndiyo hatua ya kwanza.