Pauni 145 kwa Usiku: Nani Analipwa Mwomba Hifadhi Anapolala Hotelini Uingereza?

Mwaka 2019 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza iliingia mikataba ya miaka 10 na kampuni tatu, Serco, Mears na Clearsprings Ready Homes, ziwatafutie waomba hifadhi, yaani watu wanaoomba kupokewa kama wakimbizi, mahali pa kulala. Makadirio ya wakati huo yalikuwa pauni bilioni 4.5 hadi mwaka 2029. Mei 2025 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ya nchi hiyo ilitoa hesabu mpya: pauni bilioni 15.3.

Huwa naulizwa, hasa na watu wenye jamaa zao huko, kama ni kweli wageni ndio wanaotafuna fedha hizo. Si kweli, na lawama hiyo inawaumiza watu ambao hawakuulizwa lolote mikataba ilipoandikwa.

Sheria ya mwaka 1999 inaipa serikali mamlaka ya kumpa makazi mwomba hifadhi asiye na uwezo wakati maombi yake yakishughulikiwa. Muda huo haruhusiwi kufanya kazi. Akingoja miezi 12 bila kosa lake anaweza kuomba kibali, tena kwa kazi za aina fulani tu. Muuguzi aliyekimbia vita Goma, mwenye afya na ujuzi, anakaa katika chumba cha hoteli akisubiri barua ya uamuzi.

Chumba chenyewe hakina jiko. Chakula huletwa kimeshapikwa, ukipende usikipende. Mkononi mtu hupata chini ya pauni 10 kwa wiki, na humo atoe nauli ya basi, vocha ya simu, dawa ya mafua na viatu vya mtoto. Lakini kwa kila usiku mmoja serikali ilimlipia wastani wa pauni 145, kwa hesabu za mwaka wa fedha 2024/25. Angewekwa katika nyumba ya kawaida ya kupanga, gharama ingekuwa kama pauni 23. Kwa wastani huo, familia ya watu wanne hotelini hugharimu zaidi ya pauni 4,000 kwa wiki, na wao wenyewe hawashiki hata 40.

Tofauti hiyo hupita mikono mingi. Kampuni kuu hulipwa na wizara, nayo mara nyingi hukodi vyumba kupitia mawakala, na wakala ndiye anayeelewana na mwenye hoteli. Kila mmoja ana fungu lake. Kati ya Septemba 2019 na Agosti 2024 kampuni zote tatu zilipata faida ya jumla ya pauni milioni 383. Mikataba ina kifungu cha kurudisha serikalini sehemu ya faida inayozidi kiwango, lakini Oktoba 2025 kamati ya bunge ilieleza kwamba wizara ilizembea kudai mamilioni iliyostahili kurudishiwa. Hapo ndipo ninapoona kosa kubwa: mkataba ulimwachia mlipakodi hasara ya kila ongezeko, na mkandarasi hakuwa na sababu nzito ya kuwatoa watu hotelini haraka.

Ni kweli idadi iliongezeka. Mwaka 2022 watu zaidi ya 45,700 walivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza kwa boti ndogo, na kabla ya hapo UVIKO ulikuwa umesimamisha uhamishaji wa watu kwenda kwenye nyumba za kudumu. Lakini idadi peke yake haielezi bili hii. Katikati ya mwaka 2023 zaidi ya watu 175,000 walikuwa wakingoja uamuzi wa kwanza tu, na Septemba mwaka huo watu zaidi ya 56,000 walikuwa hotelini. Kila mwezi wa kuchelewesha faili moja ni pauni zaidi ya 4,300 za kitanda. Badala ya kuongeza nguvu hapo mapema, fedha zilikwenda pia kwenye mpango wa kuwapeleka watu Rwanda: Kigali ililipwa pauni milioni 290, na waliokwenda ni wanne, kwa hiari yao.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo moja zaidi. Kwa kanuni za nchi wahisani, gharama za kumtunza mwomba hifadhi au mkimbizi katika miezi 12 ya kwanza zinaruhusiwa kuhesabiwa kuwa msaada wa maendeleo. Mwaka 2023 Uingereza ilitumia hivyo pauni bilioni 4.3, karibu asilimia 28 ya misaada yake yote, ndani ya mipaka yake yenyewe. Sehemu ya fedha zilizotajwa kuwa msaada kwa nchi maskini iliishia kwa wenye hoteli wa Uingereza. Februari 2025 serikali hiyo ilitangaza kwamba misaada yake itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, na bili ya hoteli inaendelea kukatwa humohumo. Wanaopanga bajeti za afya na elimu katika ukanda wetu kwa kutegemea fungu la London wanapaswa kuuliza, kabla ya kuliandika kwenye vitabu vyao, ni kiasi gani kitabaki baada ya vitanda hivyo kulipiwa.