Kupandisha kikomo cha resi kwenye Honda S2000

Kwenye kompyuta ya injini, kikomo cha resi, yaani mizunguko ya juu kabisa kwa dakika ambayo injini inaruhusiwa kufika, ni namba tu. Unafungua programu, unafuta 9,000, unaandika 9,600, unahifadhi, na chai bado ya moto. Wepesi huo ndio unaowaponza watu, kwa sababu ndani ya injini hakuna kilichobadilika: konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki (shafti kuu ya injini), ni zile zile, springi za valvu ni zile zile.

Nachukua mfano wa Honda S2000 kwa kuwa Honda wenyewe wametuachia kitu kizuri cha kulinganisha. Gari hili lilitoka mwaka 1999 na injini ya F20C: lita 2.0, silinda nne, haina tabo, farasi 250 kwa toleo la Japani, mstari mwekundu (mwisho wa resi salama kwenye geji) kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika. Baadaye ikaja F22C1 ya lita 2.2. Kipenyo cha silinda kilibaki milimita 87. Kilichorefushwa ni mwendo wa pistoni, kutoka milimita 84 hadi 90.7. Papo hapo mstari mwekundu ukashushwa hadi 8,000.

Fanya hesabu uone kwa nini. Kranki ikizunguka mara moja, pistoni hupanda mara moja na kushuka mara moja. Zidisha milimita 84 kwa mbili, kisha kwa 9,000, gawanya kwa sekunde 60: wastani wa mita 25.2 kwa sekunde. F22C1 kwenye 8,000 ni mita 24.2. Anayetaka F22C1 yake nayo ipige 9,000 anaitaka ifike mita 27.2. Sasa linganisha na injini za V8 za Formula 1, zilizowekewa kikomo cha 18,000 mwaka 2009. Mwendo wa pistoni zake ulikuwa karibu milimita 40 tu, hivyo wastani wake ulikuwa kama mita 24. Yaani S2000 iliyotoka dukani, ikiwa kwenye mstari mwekundu, pistoni zake zinakimbia kuliko za F1. Ndiyo maana huwa nacheka nikiambiwa kwamba kiwanda "kimeficha akiba" ya mizunguko.

Lakini kasi peke yake haivunji kitu. Kinachovunja ni kugeuza. Pistoni ikifika juu kabisa inasimama, halafu inavutwa kurudi chini. Kwenye F20C, yenye konrodi za milimita 153, mvuto huo kwenye 9,000 unafika karibu mara 4,850 ya uvutano wa dunia. Tuseme pistoni, pini na ringi zake vina uzito wa nusu kilo: konrodi inavutwa kama imening'iniziwa mzigo wa tani 2.4. Panda hadi 10,000 na mzigo unakuwa tani 3. Mizunguko umeongeza kwa asilimia 11, mzigo umepanda kwa asilimia 23, kwa kuwa unakua kwa mraba. Na hali ni mbaya zaidi mwishoni mwa kutoa moshi, wakati hakuna hewa iliyobanwa ya kuisukuma pistoni chini. Kazi yote inabaki kwa konrodi na boliti zake mbili. Porsche walilionja hili mwaka 2014: boliti za konrodi zililegea kwenye 911 GT3 mpya, injini iliyojengwa makusudi kwa mizunguko 9,000, na ikabidi magari 785 yabadilishiwe injini.

Huko juu kwenye silinda hedi, springi ndiyo inayorudisha valvu. Ikizidiwa, valvu huchelewa kufunga, nguvu inapotea, na ukiendelea kukanyaga valvu inakutana na pistoni.

Sasa, faida yake nini? F20C hutoa nguvu yake ya juu kwenye 8,300. Baada ya hapo inashuka, kwa sababu kamshafti (shafti yenye kamu zinazofungua valvu) na njia za hewa haziwezi kuijaza silinda kwa muda mfupi uliobaki. Ukiongeza mizunguko bila kuongeza hewa unanunua makelele. Hoja pekee ya maana ni gia: ukitoka gia ya kwanza (3.133) kwenda ya pili (2.045) kwenye 9,000, injini inaangukia karibu 5,870, palepale ambapo VTEC, mfumo wa Honda wa kubadilisha kamu, huhamia kwenye kamu kubwa. Ukibadilisha kwenye 9,300 unaangukia 6,070, kamu kubwa tayari inafanya kazi. Kutoka ya pili kwenda ya tatu unaangukia 6,500 hata bila kugusa chochote, kwa hiyo hoja hiyo imeshakufa. Kwa injini ambayo haijafunguliwa, mimi naiacha 9,000. Kikomo kinapanda baada ya kamshafti, springi na boliti za konrodi, na pale tu daino (mashine ya kupima nguvu ya injini) inapoonyesha nguvu bado inapanda.

Aina ya kikomo nayo ina maana. Kukata mafuta ni salama zaidi kwa gari la barabarani. Kukata moto wa plagi kunapiga risasi tamu kwenye ekzosi, lakini petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) na kuiua.

Kuna jambo moja kikomo hakiwezi kulizuia kabisa. Uko gia ya tatu kwenye 9,000, unataka ya nne, mkono unateleza unaingiza ya pili. Ukiachia klachi, magurudumu yanaizungusha injini hadi karibu 12,400. Kompyuta inakata mafuta, sawa, lakini injini haihitaji mafuta kuzungushwa na barabara. Kwenye matoleo ya mwanzo ya S2000, kosa hili hupasua visahani vinavyoshika springi za valvu, na gari linaweza kuendelea kutembea vizuri kwa muda bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo mtu akiniletea S2000 ya mtumba akitaka mizunguko zaidi, kompyuta naiacha kwanza. Nafungua kifuniko cha valvu, nachukua tochi na kukagua visahani vyote 16, kimoja kimoja.