Bima ya nofolti ya Marekani na ajali zetu za Dar, watu wanachanganya

Kuna habari inazunguka sana mitaani, mtu ana kaka yake yuko New York au dada yake yuko Florida, kapata ajali ya gari, baada ya muda bima imelipa hospitali bila hata kuuliza nani kamgonga nani, hiyo ndo wanaita nofolti (no-fault), basi ikifika huku Mbagala inageuka kuwa "ukipata ajali bima lazima ikulipe tu, kosa liwe lako au la mwenzako". Halafu mtu anagongwa pale Tazara, anaenda ofisi ya bima na matumaini hayo hayo, anatoka analia. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kufuatilia madai ya bima na inaniuma sana nikiona mtu mwenye haki yake kabisa anaipoteza kwa sababu ya maneno ya kuambiwa, kwa hiyo leo nayachambua yale ninayoyasikia zaidi.

"Nofolti maana yake hakuna mkosaji"

Hapana, mkosaji yupo na trafiki wa kule anamwandikia kosa kama kawaida. Kinachobadilika ni nani anatoa hela ya matibabu kwanza. Kwenye nofolti ya New York ukiumia unaenda kwenye bima ya gari ulilokuwemo, au kama ulikuwa unatembea kwa miguu ni bima ya gari lililokugonga, na wao wanalipa hospitali na sehemu ya mshahara uliokosa bila kusubiri mabishano ya nani alipita taa nyekundu. Ndo maana abiria na mtembea kwa miguu pale New York analipiwa hata kama hana gari wala bima ya jina lake.

Ila hiyo hela ina kikomo. New York kiwango cha msingi ni dola 50,000 kwa mtu. Florida ni dola 10,000 tu na hapo wanalipa asilimia 80 ya matibabu na asilimia 60 ya kipato ulichokosa, na kwa bei za hospitali za Marekani dola 10,000 inaisha kabla hujaruhusiwa kutoka wodini. Na gari lako lililobondeka halimo humo, nofolti ya New York ni kwa ajili ya mwili wa mtu, bati na taa zinadaiwa kwa njia nyingine na huko kosa linaangaliwa vizuri tu.

Halafu sio Marekani yote. Massachusetts ndo walianza, 1971, wakafuata wengine kama New York, Florida, Michigan na Minnesota, lakini ndugu yako akiwa Texas au California huko wanaangalia kosa kama tunavyoangalia sisi. Kwa hiyo kabla hujamwambia mtu "bima italipa" muulize kwanza yuko jimbo gani.

"Ukishalipwa na nofolti huwezi kumshtaki aliyekugonga"

Hii ina ukweli nusu. Ukiumia kidogo, maumivu ya shingo ya siku chache, ni kweli huwezi kumpeleka mahakamani kudai fidia ya maumivu. Ila ukiumia sana mlango unafunguka. New York sheria yao inataja kabisa, kifo, kukatika kiungo, kuvunjika mfupa, kovu kubwa la kuharibu sura, au kushindwa shughuli zako za kila siku kwa siku 90 ndani ya zile 180 za kwanza. Mtu kavunjika mguu halafu anaambiwa na wenzake "umeshalipwa hospitali, tulia", wakati angeweza kudai zaidi.

Na kwa wale wenye vijana wanaoendesha pikipiki huko, waambieni mapema, nofolti ya New York haimlipii mwendesha pikipiki wala aliyembeba, na Florida nayo pikipiki haimo.

"Muda upo, nikipona ndo nafuatilia"

Hapa ndo watu wanaumia pande zote mbili. Florida usipoonwa na daktari ndani ya siku 14 tangu ajali, hiyo hela ya nofolti ya matibabu umeikosa. New York unatakiwa kuijulisha bima kwa maandishi ndani ya siku 30. Kwa hiyo ile tabia yetu ya kujikanda maji ya moto na kusema "itapoa yenyewe" huko inakugharimu.

Kwetu Tanzania kesi ya madai ya kuumizwa kwa uzembe wa mtu ina miaka 3 mahakamani, watu wakisikia miaka 3 wanalala. Lakini bima haikusubiri miaka 3, mikataba ya bima inadai taarifa itolewe mara moja, na ushahidi nao haukai, dereva anahama namba ya simu, gari linauzwa, shahidi aliyekuwa anauza machungwa pale njia panda kashahamia Kibaha.

"Hata hapa Bongo bima inalipa bila kuangalia kosa"

Haya sasa, hapa ndo nataka tukae. Sheria yetu ya bima ya magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari barabarani awe na bima ya kuwalinda watu wengine, yaani hiyo tunayoita bima ndogo, ile ya 118,000 kwa gari dogo la binafsi. Hiyo bima inalipa pale mwenye gari anapokuwa na wajibu wa kukulipa wewe, na wajibu huo unatokana na kosa la dereva. Bila kosa lake hakuna malipo. Kosa likiwa la kugawana, wewe ulikatiza pasipo na kivuko na yeye alikuwa mwendo wa kasi, malipo yako yanaweza kupunguzwa.

Na kama dereva mwenye kosa ni wewe na una bima ndogo, gari lako hutengenezewi na mguu wako uliovunjika hutibiwi na hiyo bima. Bima kubwa ndo inakutengenezea gari lako hata kama kosa ni lako, ukishatoa ile sehemu ya kwanza mliyokubaliana kwenye mkataba. Nimeona bodaboda wengi wanashangaa hapa, kijana analipia bima kila mwaka kwa uaminifu, anaparamia gari lililosimama, anavunjika, anajua bima ipo, kumbe ile bima ni ya abiria wake na watu wa barabarani.

Kwa hiyo karatasi zinazoonyesha kosa ndo roho ya madai yako. PF3 kutoka polisi inayojazwa na daktari, ramani ya ajali ambayo trafiki anachora, ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi, na PF90 ambayo ni ripoti ya mwisho ya polisi, na kama dereva kapelekwa mahakamani basi nakala ya hukumu. Kama wewe uko MOI, hospitali ya mifupa pale Muhimbili, mguu umening'inizwa, ndugu yako aende kituoni kuulizia namba ya jalada, asisubiri utoke. Na risiti, jamani, risiti! Gharama ulizotoa mfukoni mahakama inataka zithibitishwe moja moja, dawa, eksirei, magongo, hata nauli ya bajaji ya kwenda kliniki omba jamaa akuandikie kikaratasi.

"Dereva ameshapigwa faini, bima italeta hela yenyewe"

Haileti. Faini inaenda serikalini, haikugusi wewe hata shilingi. Madai ya bima unayafungua wewe au wakili wako, kwa kampuni iliyolikatia bima gari lililokukosea, na kama aliyeumia amefariki basi mume, mke, watoto na wazazi wake ndo wanaofaidika na madai hayo, kwa hiyo msikae msibani mkaishia kuchangishana tu.

"Tumalizane hapa hapa"

Hiki kitu kinaniudhi kuliko vyote. Dada mmoja wa Tandika anauza chapati asubuhi, kagongwa na Noah akiwa pembeni kabisa ya barabara, mwenye gari akaja hospitali siku ya tatu na mtu wake mmoja, wameshika karatasi imechanwa kwenye daftari la shule, imeandikwa kwa peni ya bluu "nimepokea laki tatu, sina madai yoyote tena sasa na baadaye", chini wameacha nafasi ya dole gumba. Yuko kwenye dripu, mtoto nyumbani hajala, akaweka dole. Baada ya hapo daktari akasema goti linahitaji upasuaji. Alipoenda bima wakatoa kopi ya ile karatasi.

Sisemi usipokee msaada, mtu akikuletea hela ya dawa pokea na umshukuru, ila iandikwe ni msaada wa matibabu, isiandikwe umemaliza madai. Kumaliza madai ni mpaka daktari aseme umepona au ulemavu wako umefikia hapa. Na hata kampuni ya bima ikikupa ile hati ya kupokea malipo ya mwisho usaini, soma kwanza, mpe mtu anayejua naye asome, maana ukishasaini kurudi ni shughuli pevu.

"Stika iko kwenye kioo, basi bima ipo"

Angalia mwenyewe, haichukui dakika. Ingia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, mtandaoni unaitwa TIRA MIS, weka namba ya gari, utaona kampuni gani imekata bima na inaisha lini. Fanya hivyo siku hiyo hiyo ya ajali na upige picha hiyo skrini. Namba ya gari ndo ufunguo, hata kama uko chini umeumia mwambie mtu yeyote aipige picha.

"Abiria wa daladala hana chake"

Anacho. Gari la kubeba abiria kwa nauli, sheria inalazimisha bima yake iwahusu na abiria waliomo. Umekaa zako dirishani unaenda Gongo la Mboto, kosa la dereva wako au la lori lililowagonga, wewe huwezi kuwa na kosa, tatizo ni kwamba abiria wengi wakishatoka hospitali hawarudi polisi kuhakikisha majina yao yameandikwa kwenye jalada. Jina lako lisipokuwepo utaanza kuthibitisha kwamba ulikuwemo.

Na kampuni ikikuzungusha, njoo kesho, meneja hayupo, faili liko makao makuu, andika barua ya malalamiko upate muhuri wao kwenye nakala yako, wasipojibu vizuri nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi yake ipo kisheria kwa ajili ya malalamiko ya wananchi wa kawaida.

"Kwa hiyo Tanzania hakuna kabisa fidia isiyouliza kosa"

Ipo! Na wengi hawaijui, ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Kama umeajiriwa na ajali imekukuta ukiwa kazini, dereva wa lori la kampuni, kijana wa kusambaza soda, karani katumwa benki na kagongwa Mtaa wa Samora, mfuko unakulipa bila kusubiri ijulikane nani alikosea. Unagharamia matibabu, na ukiwa umelazwa huwezi kufanya kazi unapata asilimia 70 ya kipato chako mpaka miezi 24. Michango anatoa mwajiri, haruhusiwi kuikata kwenye mshahara wako.

Shida inayokuja ni bosi kusema "hii ni ajali ya barabarani, nenda kwenye bima ya gari". Sio kweli, ajali ya barabarani ukiwa kwenye kazi yake bado ni ajali ya kazini. Mpe taarifa kwa maandishi hata kwa meseji, yeye anatakiwa aripoti WCF, na akikaa kimya nenda ofisi zao mwenyewe na PF3 yako na kitu chochote kinachoonyesha umeajiriwa, iwe mkataba, kitambulisho au hata miamala ya mshahara kwenye simu, kabla miezi 12 haijapita tangu siku ya ajali.