Groti ya Edward III: mwaka umejificha kwenye herufi

Ukiishika groti, sarafu ya madini ya fedha, ya Edward III wa Uingereza, usianze na sura ya mfalme. Uso ule unaotazama mbele, wenye taji na nywele zilizojikunja pande zote mbili, haukuchorwa ili umfanane, na wafalme waliomfuata waliendelea kuutumia. Anza na maandishi ya pembeni. Sarafu za Uingereza za karne ya 14 hazikuandikwa mwaka, lakini hii inajitaja umri kwa njia yake.

Edward alitawala kuanzia 1327 hadi 1377, na mwaka 1340 alijitangaza pia mfalme wa Ufaransa. Groti ilipotoka mwaka 1351, dai hilo lilikuwa juu yake: EDWARD D G REX ANGL Z FRANC D HYB, yaani Edward, kwa neema ya Mungu, mfalme wa Uingereza na Ufaransa, bwana wa Ireland. Hiyo Z si sehemu ya jina lolote. Ni kifupisho cha "na" kwa Kilatini. Kwa Mkataba wa Brétigny wa 1360, wa amani na Ufaransa, alikubali kuliacha dai lake na kupewa Aquitaine, eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa, hivyo katika sarafu za 1361 hadi 1369 FRANC hulioni, na AQT, kifupi cha Aquitaine, imeingia. Vita na Ufaransa viliporudi mwaka 1369, FRANC nayo ikarudi. Ila mihuri ya zamani, ile ya chuma iliyopigiwa sarafu kwa nyundo, haikutupwa siku moja: zipo groti zenye uso wa kipindi kimoja na mgongo wa kingine, kwa hiyo soma pande zote mbili kabla ya kutamka tarehe.

Upande wa nyuma una msalaba mrefu, vitone vitatu katika kila robo, na duara mbili za maandishi. Ya nje ni maneno ya Zaburi kwa Kilatini, nimemweka Mungu kuwa msaidizi wangu. Ya ndani hutaja mji, mara nyingi CIVITAS LONDON, yaani jiji la London.

Groti moja ilikuwa peni nne. Edward I, babu yake Edward III, alikwisha kuijaribu mwaka 1279 isishike. Ya 1351 ndiyo iliyokaa. Uzito wake halali ni gramu 4.67, na fedha safi ni sehemu 925 katika 1,000. Peni ilipunguzwa wakati huohuo, kutoka takriban gramu 1.30 hadi 1.17, kwa kuwa sarafu nzito zilikuwa zikivushwa nje ya nchi na nyepesi za kuigiza zikiingia. Kwa sheria ya ujira ya 1351, iliyopitishwa baada ya tauni kuwaua watu wengi, fundi mkuu wa kuchonga mawe aliruhusiwa peni nne kwa siku. Kipande hiki kimoja, basi, ni jasho lake la kutwa.

Kuipima, tumia mizani inayosoma gramu 0.01. Ikiwa chini ya gramu 4 na herufi za duara la nje zimekatwa nusu kuzunguka kote, kingo zimenyolewa na mtu aliyeiba fedha. Ikiwa herufi zimepotea upande mmoja tu, upande wa pili una ukingo mpana na uzito umetimia, hapo nyundo ilipiga kombo, hakuna wizi. Bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo usoni, herufi butu, na wakati mwingine mshono ukingoni.

Tafadhali usiisugue kwa majivu, limau wala dawa ya meno. Weusi ulio juu yake ni ngozi nyembamba inayofunika fedha. Ukiubandua, unaondoka na nywele za mfalme, sehemu iliyoinuka kuliko zote. Ishike kwa ukingo, ihifadhi kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, na epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo baada ya muda hutoa utando wa kijani unaonata na kuila fedha.