Kusakinisha programu nje ya duka kuu ni nini?

Simu janja nyingi huja na duka moja kuu la programu: iPhone ina App Store, Android ina Google Play. Yote mawili yalianza mwaka 2008, ingawa la Google wakati huo liliitwa Android Market. Kusakinisha nje ya duka ni kuingiza programu kwenye simu bila kupitia huko. Ama unapakua faili lake mwenyewe, ama unatumia duka jingine.

Kwenye Android faili hilo huitwa APK. Ukilifungua, simu hukuzuia kwanza na kukupeleka kwenye mipangilio utoe ruhusa. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa hiyo hutolewa kwa programu moja moja: unaweza kukiruhusu kivinjari na kuinyima WhatsApp. Ukishamaliza, izime ruhusa hiyo.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni suala la sahihi ya programu. Kila APK hutiwa sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wa siri wa aliyeitoa. Unaposakinisha mara ya kwanza, simu huihifadhi sahihi hiyo, na toleo jipya likija na sahihi nyingine hukataliwa, hata kama jina na nembo ni zilezile. Kwa hiyo hatari kubwa iko mwanzoni. Ukianza na faili bandia, simu itaendelea kupokea masasisho ya tapeli na kumkataa mwenye programu halisi. Ndiyo maana nasisitiza: chukua faili kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, kamwe si kwenye kiungo kilichorushwa katika kundi.

Kati ya maduka mbadala, ninaloliamini zaidi ni F-Droid, lililoanzishwa mwaka 2010. Hupokea programu huria tu, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Kwa kawaida F-Droid huuchukua msimbo huo na kuijenga programu upya, kisha hukutahadharisha kama ina matangazo au inakufuatilia. Akaunti haihitajiki. Ila programu nyingi za humo zina sahihi ya F-Droid, hivyo ile uliyoitoa Google Play huenda ikakataa kusasishwa kutoka F-Droid. Itabidi uiondoe kwanza, na data zake huondoka nayo. Hifadhi nakala kabla.

Kwa iPhone mlango ulifungwa kwa miaka mingi. Sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya iliilazimisha Apple kuruhusu maduka mengine huko kuanzia Machi 2024, na duka mbadala la AltStore PAL likafunguliwa mwezi uliofuata.

Android nayo inabanwa. Mwaka 2025 Google ilitangaza kwamba watengenezaji, hata wa nje ya duka lake, watatakiwa kujisajili na kuthibitisha utambulisho, kuanzia Septemba 2026 katika Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand. F-Droid walipinga hadharani, nami niko upande wao. Baadaye Google ikasema itawaachia watumiaji wazoefu njia ya kusakinisha programu ambazo watengenezaji wake hawajathibitishwa.